Meno ya Mbele na Gauni la Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi mbaya. Pini nne zimepita kwenye pengo langu na kutumbukia ndani ya kiatu cha mteja wa sketi ya kijivu. Nilikuwa nimepiga magoti, napima upindo, pini mdomoni kama kawaida, nikavuta pumzi kidogo tu. Alipiga yowe! Karuka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni na kusema harudi tena. Jirani yangu wa duka la pili, naye fundi cherehani, ninayemwita Suti Moja kwa sababu suti aliyoitundika dirishani ni ile ile tangu afungue, alicheka mpaka nikayaona meno yake yote. Meupe. Yamejipanga kama vifungo vya shati jipya. Tena ni rika langu! Haiwezekani.

Mimi sina mawili, ya mbele, juu. La kwanza liliondoka na uzi wa turubai. La pili mwezi uliopita, na kifungo cha koti. Daktari mmoja alinitajia bei ya meno ya kupandikiza, yale yanayofungwa kwa skrubu ndani ya mfupa na hayatoki tena. Nikaomba maji ya kunywa. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ninayo. Yako kwenye kikombe. Nikiyavaa pini zinateleza, na maneno yangu yanatoka kama ya mtu aliye chini ya maji.

Mchana mke wangu, Bi Mkubwa, kaja dukani na kile kitambaa cha buluu. Kimekaa sandukuni miaka kumi na tisa. Kila alipouliza gauni lake nilimwambia njoo Ijumaa, kama ninavyowaambia wateja wote. Kinyozi hajinyoi, na mke wa fundi ndiyo hivyo. Jumamosi ya tarehe 15 tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kasema, kwa ile sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya, kwamba gauni lisipokuwa mwilini mwake siku hiyo, kitambaa kinahamia kwa Suti Moja. Na huenda mwenye kitambaa naye akakifuata.

Hajui ninachongoja. Mara ya kwanza kumwona alikuja kupunguza sketi. Nikapiga magoti, nikashona, nikaukata uzi wa mwisho kwa meno. Akacheka. Akasema fundi, usinile sketi. Hamsini na moja, miaka, na bado naisikia. Gauni hili nataka nilimalize vile vile. Kwa meno yangu, si kwa mkasi.

Jumanne, 4 Machi

Bahati! Gazeti nililofungia suruali ya mteja lina tangazo. Chuo cha madaktari wa meno kinatafuta watu wenye mapengo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho watapandikiza meno, mwalimu akiwasimamia, kwa bei ambayo hata mzee wa cherehani anaweza kuitamka bila kutafuta kiti. Kosa langu: nilimsomea Suti Moja. Akatikisa kichwa kwa huruma. Eti hawapokei mtu aliyezidi miaka sitini na tano, ana hakika, kuna mtu alimwambia.

Nina sabini na nne. Basi, mpango. Nikavaa koti lenye mabega ya sponji. Ndevu nikazipaka dawa ya viatu, nyeusi. Kwenye kioo alisimama mtu wa hamsini na nane. Tuseme sitini, kwenye mwanga mkali.

Foleni ndefu, na jua la leo halina adabu. Nilipofika mbele kola yangu nyeupe ilikuwa imepata mistari ambayo sikuishona mimi. Binti mmoja, daktari mwanafunzi, akanipa pamba nifute kidevu. Koti lake jeupe limemzidi mikono, kaikunja mara tatu! Kasema babu, hapa hatuangalii umri, tunaangalia mfupa. Suti Moja! Tutaonana.

Kaniuliza kazi. Nikaona aibu kusema fundi anayeangusha pini, nikasema mpima ardhi mstaafu. Akaandika. Akaniambia njoo Alhamisi, kwa sauti laini, bila kuinua macho. Sauti hiyo naijua vizuri, nimeitumia maisha yangu yote.

Alhamisi, 6 Machi

Kile kiti cha meno kinajilaza chenyewe. Dari nyeupe. Feni inazunguka polepole, na binti anayahesabu meno yangu kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Nikalala! Kinywa wazi, taa usoni, nikalala.

Nikaota niko dukani, mchana, mtaa mzima kimya. Mlango ukafunguka, likaingia jino. Kimo cha mtu mfupi, heshima zake kamili, kofia mkononi. Likasema limetoka mbali, na haliwezi kuingia kwenye kinywa cha watu likiwa tupu, linaomba suti. Nikalipima kifua. Nikalipima mzizi, ambao ni mmoja, kwa hiyo suruali itakuwa ya mguu mmoja. Likauliza lini. Nikasema njoo Ijumaa. Likashukuru na kutoka taratibu, na nyuma yake kulikuwa na uzi mrefu wa buluu ukiburuzika sakafuni. Nikataka kuukata. Sikuwa na cha kukatia. Nikabaki nauangalia unavyopotea mlangoni, na moyo ukaniuma kama nimefiwa.

Kaniamsha binti. Picha ya eksirei iko tayari. Lakini kwanza kauliza kama nina hakika na habari ya kupima ardhi. Meno yangu yaliyobaki yana vijifereji kwenye makali, na vijifereji kama hivi, kasema, ni vya watu wanaokata uzi kwa meno na kushika pini miaka nenda miaka rudi. Nikamwambia sisi wa zamani tulipima ardhi kwa kamba. Hakucheka. Jino la kushoto, lile lililopakana na pengo, limelegea. Nisikate uzi kwa meno tena, hata uzi wa buibui. Nikaapa, mkono juu.

Halafu habari yenyewe. Mfupa wangu ni mwembamba mahali pamoja. Mwalimu wake ataamua kama unafaa. Njoo Jumanne.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeuwaza mfupa. Koti likibana, fundi hafi moyo. Anafumua mshono, anatoa kile kitambaa cha akiba kilichojificha ndani, koti linapumua. Mfupa nao lazima una akiba. Ukikosa, unaongezewa. Kwa nini madaktari hawaulizi mafundi?

Asubuhi nikanywa maziwa lita mbili. Kisha chaki yangu ya buluu ya kuchorea vitambaa, maana chaki na mfupa ni ndugu. Nikawa nalamba kidogo kila nikigeuza kitambaa. Kufika saa nane tumbo likaanza kushona lenyewe, mishono ya mbali mbali. Nikajinyoosha juu ya meza ya kukatia. Pazia jepesi linapepea, mwanga unaingia na kutoka, nikawa nimeshaanza kuliona lile jino linavuka barabara na kofia yake.

Bi Mkubwa kanikuta hivyo, midomo ya buluu. Akapiga kelele akidhani nimemwacha. Halafu akaiona chaki mkononi. Akakaa chini kwenye kigoda. Kasema wazee walishanena, jino la pembe si dawa ya pengo. Nikamjibu aliyetunga methali hiyo alikuwa na meno yake yote.

Kauliza habari ya gauni. Nikasema Ijumaa. Akasema leo ni Ijumaa.

Nikageukia ukutani.

Jumapili, 9 Machi

Leo ni siku ya kisasi. Maduka yamefungwa ila Suti Moja huja kunyoosha nguo zake peke yake. Nimewaza hivi: meno yale si ya kuzaliwa nayo, yamepandikizwa, na ananificha ni nani aliyempandikizia kwa bei nafuu. Lazima nimjue. Na kama hayakupandikizwa, lazima nijue pia. Nikanunua tofi, zile ngumu za kunata, nikaenda nazo kwa uso wa jirani mwema.

Akala moja. Akala ya pili. Ya tatu akaacha kutafuna, akatoa macho, akageuka ukutani. Alipogeuka tena tofi ilikuwa mkononi mwake, na safu nzima ya meno ya juu imekwama ndani yake. Uso wake ulikuwa umezeeka miaka ishirini.

Nilitarajia kufurahi. Wiki nzima nimeota kufurahi. Sikufurahi hata kidogo. Niliona mzee kama mimi, kashika pasi ya moto na meno yake kwa pamoja, hajui aweke kipi chini.

Kaniambia yote. Alikwenda chuoni mwaka jana. Mfupa wake haufai, wamemkatalia kwa upole. Ndiyo maana alinidanganya habari ya umri. Alitaka tubaki sawasawa. Nikamuuliza sasa pini anashikaje siku zote hizi. Akavuta mkono wa shati. Kwenye kifundo cha mkono amefunga kimto kidogo cha sufi, kimejaa pini. Miaka kumi! Wateja wanadhani ni saa. Akakivua, akanipa. Kasema atashona kingine.

Nimekichukua ili nisimvunje moyo tu. Fundi wa kweli hushika pini kwa meno. Na mabega ya ile suti yake ya dirishani bado yamepinda, hilo halibadiliki.

Jumanne, 11 Machi

Nimekubaliwa! Nitaandika tena. Nimekubaliwa!

Mwalimu, mtu mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, kaishika picha yangu juu ya taa kwa muda mrefu. Kasema mfupa ni mwembamba lakini unaongezeka, wao wana dawa yake. Nikamwambia nilijua, nilishaanza na chaki. Binti akamfinya mwalimu kiwiko asiulize.

Sasa sikia. Wataongeza mfupa mwezi wa nne. Tutangoja upone. Wataweka skrubu. Tutangoja tena. Meno yenyewe Novemba. Novemba! Nikawaambia gauni ni Jumamosi. Gauni gani, kauliza mwalimu. Nikaona bora niseme ukweli, nikawaomba waharakishe, na mimi nitawashonea darasa zima makoti, bure, yenye mikono ya kipimo. Binti kasema hajawahi kukutana na mpima ardhi anayeshona makoti. Mwalimu kasema mfupa haupokei makoti wala haupokei haraka.

Na kuna sharti moja. Mpango wote umesimama juu ya lile jino la kushoto. Libaki mahali pake mpaka lipone likaze. Likitoka, pengo linakuwa la meno matatu, nafasi yangu anapewa mwingine na mimi narudi mkiani mwa foleni. Binti kaniangalia machoni. Hata uzi wa buibui, babu. Nikaapa tena, mikono yote miwili.

Nimeondoka na koti lake, nipunguze mikono. Kauliza litakuwa tayari lini. Ulimi ukajisemea wenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Basi gauni bila meno. Sina njia nyingine. Nimefunga kimto cha Suti Moja mkononi, mlango nimeufunga, nikatandika kitambaa cha buluu mezani. Miaka kumi na tisa sandukuni na bado kinateleza kama maji. Mchana ulikuwa mtulivu, cherehani zote za mtaa zimenyamaza. Nilichora bila kufikiri, mkono wenyewe unajua. Kifua, kiuno, nyonga. Namba zilikuja kichwani moja baada ya nyingine. Nilikata kama niko usingizini, na nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu ujana.

Jioni Bi Mkubwa akasimama juu ya kigoda, nikamvika. Likaishia mabegani. Likagoma! Halishuki, halipandi. Nikavuta. Akasema taratibu. Nikavuta.

Nikafungua daftari la kale la vipimo, na jasho likanitoka. Namba nilizokatia ni zake, ndiyo. Zimeandikwa kwa mwandiko wangu, siku aliyoleta sketi. Nimemkatia gauni msichana wa miaka hamsini na moja iliyopita. Futi ilikuwa shingoni mwangu muda wote na sikumpima!

Nilimwambia ukweli. Ningeweza kusingizia kitambaa kimerudi, mafundi tunajua kusema hivyo. Nilimwambia kwamba nikifumba macho yule msichana ndiye ninayemwona. Akashuka kwenye kigoda na kichwa bado kimo ndani ya gauni, sikuuona uso wake. Akasema kwa sauti ya chini, si ile mbaya, nyingine, kwamba kesho ni Ijumaa, na safari hii yeye hatakuja. Nimfuate mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka nimeamua kuomba msaada. Neno hilo limenikwama kooni kuliko tofi. Nikabeba gauni kwa Suti Moja. Akaligeuza ndani nje, akanusa mishono, akaniambia niliacha akiba nene kila upande, vidole viwili. Sikukumbuka kuiacha. Akasema mkono wako una akili kuliko wewe. Akiba haikutosha, lakini vipande vya mabaki vilikuwepo, na yeye ndiye aliyeona kwamba tukiingiza kipande kirefu kila ubavuni, kitaonekana ni mtindo.

Tulishona kutwa, cherehani mbili uso kwa uso, yeye ubavu wa kulia, mimi wa kushoto. Hatukuzungumza sana. Meno yake kayaweka kwenye mkebe wa vifungo ili apumzike, ya kwangu yako nyumbani kwenye kikombe. Wazee wawili vibogoyo na gauni moja kati yao, linamiminika sakafuni buluu tupu. Jua likapita dirisha hadi dirisha na mara mbili nilisinzia bila cherehani kusimama. Ubavu wake umenyooka kuliko wangu. Sitamwambia.

Binti wa chuoni alipita kufuata koti lake. Nikamwambia njoo, nikakumbuka ni Ijumaa, nikanyamaza. Mikono bado haijapunguzwa. Akaangalia gauni, akaangalia mkebe wa vifungo, akaikunja mikono ya koti mara tatu na kulivaa. Kasema meno yangu ya Novemba yapo, niyatunze ya Machi.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Chumbani kwetu, dirisha wazi. Nimemfuata mimi, kama alivyosema, na gauni mikononi. Likashuka! Mabegani, kifuani, nyonga, likatua vifundoni kama limezaliwa pale. Bi Mkubwa akajigeuza mbele ya kioo mara moja, polepole. Akainamisha kichwa. Nilidhani limembana. Halikumbana, alikuwa analia, na mimi nikaanza.

Likabaki pindo la nyuma. Nikapiga magoti. Pini kutoka kwenye kimto, moja moja, hakuna iliyoanguka. Nikashona upindo kwa mkono, mishono midogo ambayo hata kunguni hapiti. Nikafunga fundo. Mwanga ulikuwa laini, pazia linapumua, kitambaa kinanukia sanduku, na mwenye kisigino mbele yangu alikuwa yule yule. Sikujua ni mwaka gani. Mkasi ulikuwa karibu na goti langu. Nauona hata sasa, umefumbuka, unaningojea.

Nikainama nikaukata uzi kwa meno.

Kulitokea mlio mdogo. Nikahisi kitu cha baridi kwenye ulimi. Nikakitema mkononi. Jino la kushoto, na uzi wa buluu ukiwa bado umelikamata kwenye kijifereji chake.

Bi Mkubwa kageuka, kaniona nimepiga magoti na jino kiganjani, tarehe hiyo hiyo aliyokubali kuolewa na mimi. Akacheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa kitandani na gauni lote. Akasema fundi, usinile gauni.

Novemba imekwenda, najua. Nafasi yangu kapewa mtu. Lakini niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: kwa muda ule sikulihitaji jino lolote.

Jumatatu, 17 Machi

Muda ule umepita. Nalihitaji.

Mpango ni huu. Mimi nimerudi mkiani mwa foleni, sawa. Lakini mdogo wangu hajawahi hata kujiandikisha. Sina mdogo, ila chuo hakijui. Anafanana na mimi sana, ana pengo la meno matatu tangu utotoni, kazi yake ni mpima ardhi, naye hajawahi kushika uzi maisha yake. Dawa ya viatu imebaki nusu kopo. Safari hii nitapaka na nyusi. Suti Moja kasema binti atanitambua kabla sijafunga mlango. Wivu.

Mchana nilisinzia juu ya cherehani. Yakaja meno matatu, kofia mikononi, yakakaa kwenye benchi la wateja kwa adabu. La kwanza likauliza kuhusu suti yake. Nikayaambia yote yaje Ijumaa.

Bi Mkubwa kaniamsha. Kavaa gauni tena, siku ya tatu sasa, anapikia nalo. Kanionyesha uzi mmoja umebaki kwenye mkono, karibu na kiwiko, nimsaidie. Mkasi uko kwa Suti Moja, mbali, hatua kumi na mbili nzima. Nimeligusa jino la kulia kwa ulimi. Limesimama imara kabisa.